Baba ameombwa aingie kwenye utafiti wa kuunguza uvimbe wa ini kwa sindano. Nimuulize nini daktari?

Kitindamimba

Wakuu, habari zenu. Naomba wenye uelewa wa mambo ya radiolojia mnisaidie, maana Alhamisi ijayo tunarudi kliniki na baba anatakiwa aseme ndiyo au hapana.

Baba ana miaka 67. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, akamaliza dawa zake, akarudi kwenye shughuli zake kama zamani. Mwezi uliopita CT ya kufuatilia (zile picha za ndani ya mwili zinazopigwa kipande kwa kipande) ikaonyesha vidoa viwili kwenye ini, kimoja cha sentimita 2.1 na kingine 1.4. Wakachukua kinyama kwenye kile kikubwa. Majibu yakarudi kwamba ni saratani ileile ya utumbo, imehamia huko.

Tulijua tutaambiwa habari za upasuaji. Badala yake tukapelekwa kwa daktari wa radiolojia, akatuambia vidoa hivi vinaweza kuunguzwa kwa sindano inayopita kwenye ngozi mpaka ndani ya ini, yeye akiongozwa na picha za CT, bila kufungua tumbo. Halafu akasema hapo pana utafiti unaendelea. Wagonjwa wote wanaunguzwa kwa njia moja. Tofauti ni kwamba kundi moja daktari analinganisha picha za kabla na za baada kwa macho, kama ilivyozoeleka. Kundi la pili, mgonjwa akiwa bado usingizini, kompyuta inailaza picha ya kabla juu ya picha ya baada na kupima ukingo. Ikionekana kuna upande umebaki mwembamba, wanaongeza moto palepale. Nani aingie kundi lipi inaamuliwa kwa bahati nasibu.

Nina maswali matatu. Baba anasema daktari wa picha kazi yake ni kusoma picha, sasa sindano kaishikaje? Mimi ninachouliza ni kwamba, kama daktari ana macho na uzoefu, hiyo kompyuta inapima kitu gani asichokiona yeye? Na la tatu ndilo linaloniamsha usiku: baba akiangukia kundi la macho, si ndiyo amepewa tiba pungufu?

Fomu ya ridhaa nimeisoma mara nne, kurasa kumi na moja. Neno "ukingo" limo karibu kila ukurasa na hakuna mahali limeelezwa. Naomba mtu anieleze kama anavyomweleza ndugu yake wa damu.

KiooChaRisasi

Pole sana mdogo wangu, na umefanya vizuri kuisoma hiyo fomu. Wengi wanaletewa kalamu tu.

Mimi ni mteknolojia wa radiolojia, miaka 14 kwenye chumba cha CT, na tisa ya mwisho niko kwenye matibabu ya sindano karibu kila wiki. Si daktari, kwa hiyo sitakwambia baba aamue nini. Nitakwambia ninachokiona nikiwa nyuma ya kioo.

Nianze na la mzee, kwa heshima zote. Mwambie kwamba tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, daktari wa radiolojia anayeitwa Charles Dotter alipelekewa bibi wa miaka 82 ambaye mguu ulikuwa unakufa kwa kukosa damu. Ushauri ulikuwa ukatwe, bibi akagoma. Dotter akapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya ateri iliyobanwa, akiifuatilia kwenye eksirei, akaitanua. Damu ikashuka, mguu ukapona, bibi akatembea. Na namna ya kuingia kwenye mshipa bila kuuchana ilikuwa imeshaelezwa na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953: unaingiza sindano, unapitisha waya ndani yake, unatoa sindano, katheta inafuata waya. Mpaka leo asubuhi tumefanya hivyohivyo. Kwa hiyo daktari wa picha kushika sindano ni jambo la zaidi ya miaka sitini. Swali ambalo mzee ana haki nalo ni hili: huyu aliye mbele yake ameshaunguza maini mangapi kwa mkono wake mwenyewe? Amuulize bila kuona haya. Daktari anayejua kazi yake hachukii kuulizwa.

Sasa ukingo. Hapa nitakaa kidogo, maana utafiti wenu wote umesimama juu ya neno hili.

Kidoa cha baba kinaonekana kwenye CT kwa sababu alichomwa dawa ya kontrasti. Ini limeinywa dawa likang'aa, kidoa hakikuinywa vizuri kikabaki na weusi wake. Tukishaunguza, nyama yote iliyoiva inakatikiwa na damu, kwa hiyo nayo inatoka nyeusi. Umeona tatizo linapoanzia? Kidoa kilikuwa cheusi, na eneo lililoungua ni jeusi, na la pili limelimeza la kwanza. Kwenye picha ya baada unaona doa kubwa la sentimita nne, limekaa vizuri, kila aliyepo chumbani anaridhika. Lakini picha hiyo peke yake haisemi kidoa kilikuwa upande gani wa doa.

Fikiria yai lililochemshwa. Kiini kinaweza kuwa katikati, na kinaweza kuwa kimeegemea ganda. Kwa nje mayai yote mawili ni sawa. Ukingo ni ule unene wa ute unaozunguka kiini. Na kinachohesabika si wastani wake, ni pale palipo pembamba kuliko kwingine kote. Madaktari wanataka angalau milimita 5 pande zote, na 10 panaporuhusu, kwa sababu saratani haiishii pale picha inapoonyesha imeishia. Kuna seli zimeshatangulia mbele kidogo, na CT haiwezi kuziona.

Ukiwa na picha mbili kwenye skrini mbili, macho yanajitahidi. Unatafuta tawi la mshipa lililo jirani na kidoa, unaliona tena kwenye picha ya baada, unakisia. Lakini ini limeshahama. Kila pumzi inalishusha na kulipandisha sentimita moja, mbili, hata zaidi. Mgonjwa pengine wakati wa picha ya kwanza alilala chali na leo tumemgeuza ubavu kidogo. Sindano yenyewe inasukuma nyama. Na nyama iliyoungua kwa maikrowevu, yale mawimbi yanayotoka kwenye ncha ya sindano na kuleta moto, inasinyaa, kama unavyojua nyama yoyote ikipata moto. Baada ya yote hayo, mtu anatakiwa akadirie milimita 5 kwa kuangalia huku na huku. Kompyuta kazi yake ni kulivuta na kulikunja ini la picha ya kwanza mpaka mishipa yake ilale sawasawa juu ya mishipa ya picha ya pili, halafu inapima kuzunguka pande zote, pamoja na juu na chini ambako macho husahau.

Nikupe mfano nilioushuhudia mwenyewe. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mama mmoja aliunguzwa kidoa cha sentimita mbili. Nilipiga picha ya mwisho mimi. Ilikuwa nzuri, tulipongezana, tukamwamsha. Miezi mitatu baadaye akarudi kwa picha ya kufuatilia, na pembeni mwa lile doa, upande wa mshipa mkubwa, pakawa na kijimwezi chembamba kinachong'aa. Uvimbe unarudi hivyo, kwenye ukingo. Daktari akaomba tuzilaze picha zile za zamani moja juu ya nyingine. Upande ule ukingo ulikuwa chini ya milimita moja. Taarifa hiyo ilikuwa ndani ya mashine yetu tangu siku ileile, mama akiwa bado kitandani na sindano bado iko kwenye trei, na hatukuitoa kwa sababu hatukuwa na utaratibu wa kuitoa. Aliunguzwa tena, na mara ya pili mkono ulifika. Lakini ile miezi mitatu sijaisahau, na tangu siku hiyo kila mgonjwa akitaka kuamshwa nauliza kwa sauti: ukingo mdogo kuliko wote ni upi?

La tatu nawaachia wanaojua utafiti.

Kitindamimba

Dada (au kaka, samahani sijui), Mungu akubariki. Nimemsomea baba habari ya yule bibi wa 1964, akanyamaza, kisha akasema "haya, kumbe".

Naomba niongeze mawili. Daktari alisema kile kidoa kikubwa kiko jirani na mshipa mkubwa wa damu, akasema "mshipa unapoza". Sikuelewa. Na pia baba ana kikohozi cha muda mrefu. Umesema ini linahama kwa kila pumzi. Akikohoa sindano ikiwa ndani itakuwaje?

KiooChaRisasi

Dada. Hamna shida.

Damu inapita kwenye mshipa ikiwa na joto la mwili, nyuzi 37, na haisimami. Mshipa wenye upana wa zaidi ya milimita 3 unafanya kazi ya maji yanayopita kwenye rejeta ya gari: unabeba moto na kuondoka nao. Seli zinakufa mara moja joto likizidi nyuzi 60, lakini zilizobanana na ukuta wa mshipa zinaweza zisifike huko. Ule upande wa yule mama niliyekusimulia ndivyo ulivyookoka. Maikrowevu inashindana na hali hiyo vizuri kuliko njia iliyotangulia ya kuunguza kwa mawimbi ya redio, ila tatizo halijaisha. Ndiyo maana kwa kidoa cha jirani na mshipa, mpango wa sindano ipite wapi ni muhimu kuliko ukubwa wa moto. Muulize daktari: upande wa mshipa mtaufikiaje, na sindano itakuwa moja au mbili?

Kuhusu kikohozi, kazi hii kwa kawaida tunaifanya mgonjwa akiwa usingizini kabisa, mashine inapumua kwa niaba yake na dawa imelegeza misuli, kwa hiyo hakohoi. Hapo kuna jambo watu wa nje hawalijui. Kabla ya kila picha mimi namwambia daktari wa usingizi kupitia spika, "simamisha." Anasimamisha mashine, pumzi ikiwa imetoka, ini linatulia mahali pamoja. Nahesabu sekunde, napiga picha, namwambia "endelea." Daktari akitaka kusogeza sindano, tunasimamisha tena mahali palepale pa pumzi. Tukisimamisha mara moja pumzi ikiwa ndani na mara nyingine ikiwa nje, tumepiga picha za maini mawili tofauti. Siku nzuri chumba kinakuwa kimya kiasi kwamba unasikia feni ya mashine. Mstari mwekundu wa leza umelala juu ya ngozi, pembeni kuna kibandiko chenye vijistari vya chuma vinavyotoka kwenye picha kama nukta nyeupe, na daktari anahesabu: nukta ya tatu, sentimita sita ndani, pembe ishirini kuelekea kichwani. Sindano inaingia sentimita mbili, daktari anatoka chumbani, napiga picha. Inaingia tena. Hakuna anayefika kwenye kidoa kwa mpigo mmoja.

Mwambieni daktari wa usingizi habari ya kikohozi mapema, sio asubuhi ya siku yenyewe.

Mtu anaweza kuuliza mbona wasitumie altrasaundi, haina mionzi. Inatumika sana, hasa kuingiza sindano, maana unaiona ikitembea mubashara. Ila moto ukianza, maji ya ndani ya nyama yanachemka na kutoa mapovu, na mapovu kwenye altrasaundi ni wingu jeupe linalofunika kila kitu nyuma yake. Huwezi kupima ukingo kupitia wingu. Hapo ndipo CT inahitajika.

Mtakwimu

Nimefanya kazi ya takwimu kwenye tafiti za tiba kwa muda mrefu, zikiwemo mbili za radiolojia. Nijibu lile swali la usiku.

Kundi la macho si tiba pungufu. Ni tiba ambayo baba angepata hata kama utafiti usingekuwepo. Kinachojulikana ni kwamba ukingo mwembamba unaendana na uvimbe kurudi. Lakini kupima ukingo vizuri zaidi ni jambo moja, na mgonjwa kukaa miaka bila ugonjwa ni jambo la pili. Kati ya hayo mawili kuna mengi. Kompyuta ikisema ongeza moto, moto huo unaweza kufika kwenye mrija wa nyongo au kwenye utumbo uliolala jirani, na mgonjwa akaumia kwa kufukuza milimita mbili. Pengine faida inazidi madhara, mimi mwenyewe ningedhani hivyo, lakini kudhani kwangu hakumtibu mtu. Kamati ya maadili isingeruhusu watu wagawanywe kwa bahati nasibu kama jibu lingekuwa tayari mezani.

Watu wanafikiri picha haihitaji kupimwa kama dawa inavyopimwa, eti ukiona zaidi lazima utatibu vizuri zaidi. Inahitaji, na ikipimwa wakati mwingine inashinda waziwazi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa PRECISION, wanaume 500 katika nchi 11 waliodhaniwa kuwa na saratani ya tezi dume. Nusu walichukuliwa vinyama kwa njia ya zamani, sindano zikipigwa kwa mpangilio tu. Nusu walianza na MRI, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, na aliyeonekana na doa sindano ikaelekezwa pale penye doa. Saratani zenye hatari zilipatikana kwa asilimia 38 ya waliopita MRI, dhidi ya asilimia 26 ya wengine, na zile ndogo zisizo na madhara zikapungua. Kabla ya hapo wapo waliosema MRI ni anasa. Kilichowanyamazisha ni wale wanaume 500 waliokubali kugawanywa.

Na kwa nini hamkuambiwa upasuaji moja kwa moja: kuna utafiti ulioongozwa kutoka Uholanzi, COLLISION, ulilinganisha kuunguza na kupasua kwa saratani ya utumbo iliyohamia kwenye ini, vidoa visivyozidi sentimita 3. Ulisimamishwa mapema kwa sababu kuunguza hakukuwa nyuma ya upasuaji katika kuishi, na madhara yalikuwa machache zaidi. Matokeo yalichapishwa 2025. Vidoa vya baba viko ndani ya kipimo hicho. Hata hivyo ombeni daktari wa upasuaji naye azione picha na kusema neno lake. Uamuzi mzuri wa ini unafanywa na watu zaidi ya mmoja.

Sasa swali ambalo ningelipeleka mimi kliniki kama angekuwa baba yangu. Akipangiwa kundi la macho, picha zake hazitatupwa. Karibu kila utafiti wa namna hii unazipima picha za kundi hilo baadaye, ili kulinganisha. Maana yake kuna siku mtu atakaa mbele ya kompyuta na kuona kwamba ukingo wa baba upande fulani ni milimita moja. Muulize: siku hiyo tutaambiwa? Itachukua muda gani? Kama fomu haisemi, wasilazimishe sahihi mpaka iseme.

Mengine ni ya kawaida lakini yaandikeni. CT za ziada ni ngapi kupita zile ambazo angepigwa hata hivyo? CT moja ya tumbo ni takribani milisiverti (kipimo cha mionzi) 8 hadi 10, na mtu wa kawaida duniani anapokea kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga. Kwa mtu wa miaka 67 mwenye saratani hesabu hiyo si ya kutisha, ila ni haki yake kuijua. Anayesoma picha za kufuatilia, anajua mgonjwa alikuwa kundi gani? Asijue, maana anayejua ataona anachokitamani. Akijitoa katikati, nani anaendelea kumtibu? Kujitoa ni haki isiyohitaji sababu.

Barafu

Naongezea kama mgonjwa. Mimi yangu ilikuwa figo, na hawakuunguza, waligandisha. Kwa hiyo moto siujui, ila meza ya CT naijua.

Nililala kifudifudi nikiwa macho, na ganzi tu na dawa kidogo ya kutuliza. Gesi ya argoni inapita ndani ya sindano, ncha inapoa, barafu inaota. Daktari alinionyesha baadaye: mpira wa barafu unaonekana wazi kwenye CT, mweusi, umeizunguka sindano kama tunda. Nikamwambia basi mmemaliza, umefunika uvimbe wote. Akasema hapana mzee, ukingo wa barafu ni nyuzi sifuri, na sifuri haiui. Kinachoua ni nyuzi 20 chini ya sifuri na kushuka, na huko ni ndani zaidi. Kwa hiyo barafu lazima ipitilize uvimbe. Waligandisha, wakaacha iyeyuke, wakagandisha tena. Nimekumbuka maneno hayo niliposoma habari ya ute wa yai hapo juu, kumbe ni jambo lilelile.

Binti yangu, wenzangu wamesema ya chumbani. Mimi nakwambia ya nyumbani. Siku tatu nne baada ya kuunguzwa mtu anaweza kuwa na homa ndogo, uchovu, na maumivu yanayopanda mpaka bega la kulia kwa sababu ini liko chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Hilo walisema ni la kawaida. Homa kali yenye kutetemeka, au macho kuwa ya njano, hiyo si ya kusubiri kesho. Msiondoke hospitali bila namba ya simu ambayo mtu anaipokea usiku. Mimi nilipewa namba ya ofisi, na saa nane za usiku ofisi haina mtu. Nilikaa kitandani nikihesabu saa mpaka kukakucha, na ilikuwa kitu kidogo tu, lakini sikujua.

Na picha ya kwanza ya kufuatilia, nenda naye. Ile wiki ya kungoja ni ndefu kuliko matibabu yenyewe.

Kitindamimba

Nimerudi. Tumetoka kliniki jana.

Shikamoo mzee Barafu, namba ya simu ya usiku tumepewa, nimeipiga palepale mbele ya nesi kuhakikisha inaita.

Baba ndiye aliyeuliza kuhusu idadi ya maini. Daktari akajibu bila kusita, akasema na mangapi yalirudi. Kwa kidoa cha jirani na mshipa akachukua karatasi, akachora duara, akachora mshipa pembeni, akasema sindano zitakuwa mbili, moja italala sambamba na mshipa ili upande ule upate moto wa kutosha. Kuhusu utumbo alisema uko karibu na kidoa kidogo, kwa hiyo watapitisha maji kwa sindano nyembamba kati ya ini na utumbo kuvitenganisha kwanza. Daktari wa upasuaji pia ameziona picha, anakubaliana.

Nikauliza lile la Mtakwimu. Akanyamaza kidogo. Akasema ni kweli picha za kundi la macho zitapimwa, ila utaratibu wa mwanzo ulikuwa zipimwe utafiti ukiisha, na kwamba mgonjwa mwingine aliuliza hilohilo, ikapelekwa kwenye kamati ya maadili, na sasa zinapimwa ndani ya wiki nne na mtu asiyehusika na matibabu. Ukingo ukiwa chini ya milimita 5 daktari na mgonjwa wanaambiwa. Fomu tuliyokuwa nayo ilikuwa toleo la zamani. Wametupa mpya, jambo hilo liko ukurasa wa saba.

Baba amesaini. Ametaka nieleze hapa kwamba amesaini mwenyewe baada ya kuelewa, si kwa kusukumwa na mimi.

Wameomba tulete picha zote za zamani. Karatasi za majibu tunazo. Zinatosha?

KiooChaRisasi

Hazitoshi dada. Karatasi ni maneno ya mtu aliyeziona picha, kompyuta haiwezi kulaza maneno juu ya ini. Nendeni mlikopiga ile CT ya mwezi uliopita mkaombe diski yenye picha zenyewe, na mseme mnataka vipande vyembamba, milimita moja ikiwezekana, na awamu zote za kontrasti, yaani picha zote zilizopigwa kwa nyakati tofauti dawa ikipita. Wakiwapa vya milimita tano, kile kidoa cha sentimita 1.4 kitatokea kwenye vipande viwili au vitatu tu na upimaji wa juu na chini utakuwa wa kubahatisha. Hivyo vyembamba sehemu nyingine hufutwa kwenye mashine baada ya wiki chache, kwa hiyo msingoje. Mkiipata, ifungueni kwenye kompyuta yoyote kabla hamjaondoka dirishani, mhakikishe jina na tarehe ni za baba.

Kitindamimba

Tumeipata leo saa nne. Vipande ni vya milimita moja, 412. Tumefungua palepale, jina ni lake, tarehe ni yenyewe. Baba akaomba nimwonyeshe kidoa kikubwa, nikashindwa kukipata, yule kijana wa dirishani akatusogezea mpaka tukakiona.